Mbwa wa Wa Mbali

Baba yangu alipoanza kupoteza macho hakuomba miwani wala fimbo. Aliomba mbwa. Mbwa alikuwa naye tayari, jike mzee wa rangi ya majivu aliyelala kutwa karibu na mafiga, lakini alichotaka baba ni mtoto wa jike huyo, mmoja tu, azaliwe kabla mama yake hajafa. "Yeye au mimi, sijui nani atatangulia," alisema. Tangu mama afariki baba alikuwa akiongea hivyo, bila huzuni yoyote, na mimi ndiye niliyebaki na huzuni ya watu wawili.

Nyumba yenyewe iko Masukulu, katikati ya migomba, mahali ambapo mvua ikishaanza mtu husahau ilianza lini. Mimi naishi Ibighi, mjini Tukuyu. Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, na mume wangu ni fundi cherehani ambaye babu zake walipanda huku kutoka pwani na mizigo ya vitambaa. Nyumbani kwake mbwa haingii. Hilo tulilimaliza kabla ya kwenda kufunga ndoa bomani, kila mtu na dini yake. "Mbwa kwangu hapana," aliniambia, "lakini nauli ya kwenda kwa mzee sitakunyima." Na hajawahi kuninyima hata siku moja. Tatizo ni kwamba baba hakuweza kuhamia kwetu kwa sababu mbwa asingeweza, na bila mbwa baba asingetoka Masukulu hata kwa kuvutwa na trekta.

Mbwa hao tuliwaita mbwa wa jivuni, kwa kuwa walipenda kulala kwenye jivu la moto la asubuhi, wakaamka wamechafuka na kufanana na jivu lenyewe. Walikuwa wapana kifuani, masikio yameanguka, manyoya mazito ya kuvumilia ukungu wetu. Babu alikuwa nao, na baba wa babu. Chui walipokuwa bado wanashuka kutoka msitu wa Rungwe, mbwa hao walilinda ng'ombe. Chui walipokwisha wakalinda ndizi, maana binadamu naye ana meno. Halafu kikaingia kichaa cha mbwa, watu wakaua kila mbwa aliyeonekana njiani, mzima na mgonjwa. Waliosalia wakachanganyika na mbwa koko. Mwishowe watu wakapata fedha za chai na maparachichi, wakaanza kutamani mbwa wa masikio yaliyosimama kama waliowaona kwenye simu. "Mtu analipa fedha kununua masikio," baba alisema, akatema mate.

Hatukuwapa majina. Bibi yangu, mama yake baba, alishikilia kwamba mbwa mwenye jina hata mwizi anaweza kumwita. Waliitwa kwa kidoko, ulimi unapigwa kwenye kaakaa mara mbili, na kila nyumba ilikuwa na kidoko chake. Nao walikuwa na namna yao ya kujibu. Akija mgeni, walibweka mpaka mwenye nyumba atoke. Akija mtu wa ukoo au rafiki wa siku zote, walibweka mara moja tu, mlio mmoja mzito, wakanyamaza. Baba alipokuwa haoni tena lango lake, mlio huo ndio uliokuwa macho yake. Alikaa barazani kwenye kigoda, akisikia mlio mmoja alisema "Karibu" kabla hujafika, bila kuuliza wewe ni nani. Watu walipenda kupokelewa hivyo. Mimi nilipenda kuliko wote.

Jike alipochoka, mambo yakabadilika. Alilala fofofo hata watu wakipita. Kuna mtu aliingia nyuma ya nyumba mchana, akakata mkungu wa ndizi, akaondoka nao kwa starehe zake. Hilo la ndizi lilinikasirisha tu. Lililoniumiza ni Jumamosi moja nilipofika na kapu langu, nikapita langoni, jike hakuamka, nikasimama mbele ya baba. Alihisi kivuli, akarudi nyuma na kigoda chake hadi ukutani. "Nani?" aliuliza. Sikuwahi kusikia hofu katika sauti ya baba yangu. Nikasema ni mimi, nikapiga magoti kumsalimia, naye akanishika uso kwa mikono miwili kuhakikisha. Siku hiyo niliamua kwamba mtoto wa jike yule atapatikana.

Jambo lenyewe si rahisi kama linavyosikika. Darasani nafundisha urithi kwa maharage, mekundu na meupe, nayapanga mezani mpaka hata wanafunzi wa viti vya nyuma wanaelewa. Mzazi humpa mtoto nusu ya alivyo navyo. Kuna vinavyoonekana, na kuna vinavyojificha ndani vikapita kizazi hadi kizazi bila mtu kujua, mpaka siku kimoja kikutane na mwenzake. Mbwa wakizaliana ndugu kwa ndugu, vilivyojificha hukutana upesi. Kwa hiyo nilitaka dume wa jivuni kabisa, ila asiwe wa damu ya nyumba yetu. Nilipomweleza mume wangu, alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akacheka. "Unatafuta ndugu asiye ndugu," alisema. "Huyo hata sisi binadamu tunamtafuta."

Nilizunguka. Niliuliza sokoni, niliuliza kanisani, nilikwenda kutazama mbwa wa kila aina ambao wenyewe waliapa kuwa ni wa asili, nikarudi na matope hadi magotini. Karibu wote walikuwa koko waliolala jikoni. Aliyeniokoa ni bwana mifugo wetu, aliyekuwa akipita kuchanja mbwa vijijini. Alinionyesha picha kwenye simu yake: dume mpana, masikio chini, rangi ya majivu, amelala palepale panapotupwa jivu. "Huyu yuko Kyimo," alisema, "kwa bibi mmoja mjane." Niliitazama ile picha mpaka simu ikajizima yenyewe mkononi mwangu.

Kyimo si mbali na mjini, ukiwa na bodaboda ni safari ya kuzungumza habari moja ikaisha. Nilimkuta yule bibi anamenya ndizi chini ya upenu. Alikuwa mtu mdogo, amejifunga kanga mbili, na mguu mmoja umevimba. Tukasalimiana kwa Kinyakyusa, nikamuuliza habari za mvua, za mguu, za watoto, kama inavyopasa, kabla ya kugusa habari ya mbwa. Nilipotaka kukaa kwenye kiti kimoja cha zamani kilichoegemezwa ukutani, aliinua mkono. "Hicho hapana, mwanangu." Nikadhani kimevunjika, nikakaa juu ya gogo. Yeye mwenyewe kila alipoinuka alikizunguka kwa mbali, na mguu wake mbovu.

Dume alikuja kuninusa. Sikuhitaji maharage wala darasa kumtambua. Nikamuuliza bibi, huyu asili yake wapi, nani alimleta hapa?

Alimenya ndizi nyingine mpaka mwisho. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wetu, kila "z" imegeuka kuwa "s". "Samani sana, mwanangu," alisema. "Babu zake walikuwa hapa kabla sijasaa. Huyo ni wa wa mbali."

Nilisikia "wa" mbili. Naapa nilizisikia. Nikadhani ulimi wa uzee umejikwaa, nikaisahihisha mwenyewe kichwani kama ninavyosahihisha madaftari: huyo ni wa mbali. Nikauliza tena, kwa furaha, wa mbali kabisa? Akainamisha macho kwenye sufuria. "Wa mbali kabisa," alisema kwa sauti ya chini. Kuuliza si ujinga, wanasema. Nami niliuliza. Ila niliuliza huku jibu nikiwa nalo tayari mfukoni.

Nilimpelekea baba habari hizo siku hiyohiyo. Dume wa jivuni kabisa, na ametoka mbali. Baba alipiga paja lake. "Mbali ni kusuri," alisema. Jike wetu alipoingia kwenye joto, bwana mifugo alitusaidia kumleta dume kwa pikipiki, amefungwa ndani ya tenga, kichwa nje, manyoya yamelowa. Jirani aliyekuwa akimpikia baba alikusanya wenzake waje kutazama. Baba alicheka siku ile hadi machozi yakamtoka, na mimi niliyahesabu machozi hayo kuwa malipo yangu.

Walizaliwa wakati wa mvua kubwa. Baadhi walikufa kwa baridi kabla ya kufungua macho, na jike mwenyewe hakukawia baada ya kuwaachisha ziwa. Alikwenda kulala jivuni asubuhi, mchana akawa baridi kuliko jivu. Baba alimzika kwa mikono yake, kwa kupapasa, hakutaka nimsaidie. Walibaki watoto watatu: jike mmoja na madume wawili, wanene, wanaokanyagana. Baba akipiga kidoko, walikuja wote watatu mbio na kujigonga miguuni pake, jike mbele, madume nyuma yake. Alinielekezea kwa mkono upande wanakotoka, kama mtu anayeona.

Kulikuwa na deni la heshima kwa mwenye dume. Kwetu mbwa hauzwi. Mwenye dume hupewa mtoto mmoja, na siyo yeyote tu. Hupewa yule anayefika wa kwanza kidoko kinapopigwa, kwa sababu rafiki humpi makombo. Baba alikaa barazani, akapiga kidoko, akanyoosha mikono, na wa kwanza kuingia mikononi akawa yule jike. Nilimwomba asubiri kidogo, labda tujaribu tena kesho. Nilikuwa nimempenda yule jike. Baba alikasirika. "Unataka sawadi iwe mtihani wa shule?" Basi nikamtia kwenye kapu nililowekea majani ya migomba, nikampeleka Kyimo, na yule bibi akampokea kwa mikono miwili. Ndaga, alisema, ndaga fijo, akinishukuru tena na tena, na akamfunika kwa kanga yake mwenyewe.

Nilirudi Masukulu wiki iliyofuata. Nilipoingia langoni, nilimwona baba amekaa kwenye kigoda, anapiga kidoko. Anapiga, anasubiri, amegeuza kichwa upande. Anapiga tena. Wale madume wawili walikuwa wamelala kwenye jivu hatua chache kutoka kwake, mmoja macho wazi, anatazama kuku. Hakugeuka.

"Umefika," baba alisema aliposikia viatu vyangu. "Kuna jambo hujaniambia. Wamekufa lini?"

"Nani, baba?"

"Watoto. Nawaita tangu jusi. Hakuna anayekuja. Jirani anasema wapo, lakini najua ananificha."

"Hawajafa. Wako hapa, karibu na miguu yako."

Nilichukua mfuniko wa sufuria na mwiko, nikasimama nyuma ya wale watoto, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Kuku walitawanyika. Jirani alitoka mbio kutoka shambani. Mbwa mmoja alipiga miayo. Ndipo nikaelewa tulichokuwa tukikiona miezi ile yote. Aliyesikia kidoko alikuwa jike peke yake. Madume walimfuata yeye, mkia wake, mbio zake. Tulipomtoa, tuliwaondolea masikio yao.

Baba aliniomba nimweke mmoja mapajani pake. Akamshika masikio yake laini, akayavuta taratibu, akaingiza kidole ndani kama anayetafuta kitu kilichoziba. "Masikio yapo," alisema. Ndiyo, baba, yapo.

Nililala kwa hasira, nikaamka nayo. Kiziwi hazaliwi hivihivi kwa wazazi wanaosikia. Kilichojificha kwa mama kilikuwa kimekutana na mwenzake kwa baba, na dume aliyetoka mbali hakupaswa kuwa nacho. Inaweza kutokea kwa bahati mbaya, hilo nalijua, nalifundisha. Lakini sikuamini bahati. Niliomba ruhusa shuleni, nikambeba mmoja wa wale viziwi kwenye kapu, nikaenda Kyimo.

Nilimkuta bibi palepale chini ya upenu, na yule mtoto jike amelala kwenye pindo la kanga yake. Nilipokanyaga jani kavu kule njiani, jike alikuwa ameshainua kichwa. Nilimweka ndugu yake chini, nikaeleza yote, nikauliza tena, safari hii bila furaha. Bibi, nakuomba. Huyu dume wako alitoka mbali wapi? Uporoto? Kyela? Malawi?

Alitazama kile kiti cha ukutani. "Mwanangu," alisema, "wewe umeolewa?"

Nimeolewa.

"Baba wa mume wako unamwitaje?"

Nikasema namwita baba. Alipokuwa hai tulikula naye sahani moja siku ya sikukuu, na alinitania kuhusu unene wangu. Bibi akaziba mdomo kwa kanga. Sijui kama alicheka au alisikitika.

"Mimi wangu simtaji," alisema. "Sikupita njia aliyopita. Kiti chake ni kile. Amekufa, na bado simtaji. Mimi namwita wa mbali. Nilikuambia tangu mwanso. Mbwa huyu ni wa wa mbali."

Nilikaa kwenye gogo langu. Mila hiyo, ya mke kutomtaja wala kumkaribia baba wa mume, naijua. Nilimwona bibi yangu mwenyewe, na kikapu kichwani, akiingia ndani ya migomba yenye umande kwa sababu mkwe wake alikuwa anakuja njiani. Naijua mila, ila neno la mwanamke huyu sikulijua, kwa sababu niliolewa mahali ambapo mkwe alinipakulia pilau. Sikujua kwamba mtu anaweza kuitwa umbali wenyewe. Mbali yake ilikuwa hatua tano kutoka nilipokaa, imeegemezwa ukutani.

Nikamuuliza huyo wa mbali alikuwa mtu wa namna gani. Hilo angeweza kulijibu, maana sifa si jina. Alisema alikuwa mrefu, alikosa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na alihamia Kyimo akiwa kijana pamoja na mbwa, akitokea kwa watu wa rika lake upande wa Masukulu.

Safari ya kurudi sikuisikia. Nilimkuta baba barazani, nikamweleza habari ya kidole kilichokosekana, na kabla sijamaliza alishajua. "Rafiki wa baba yangu," alisema. "Walijenga kijiji kimoja, walikula chungu kimoja. Alipohama, baba alimpa mtoto wa mbwa, yule aliyefika wa kwanza." Akanigeuzia uso. "Si ungeniuliza?"

Ningemuuliza nini? Nilimwambia mbwa ametoka mbali, naye akafurahi, na mbali haina mtu wa kuulizwa habari zake. Laiti nisingeifuta ile "wa" ya pili, wanawake wangekuwa na ruhusa ya kutamka, baba angekuwa na macho ya kufika Kyimo na kuona kiti. Nilimwaga maneno hayo yote mbele yake, kwa hasira, naye alisikiliza mpaka nilipochoka. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alitabasamu.

"Kwa hiyo mbwa wa baba bado yupo Kyimo," alisema.

Mimi niliona mwisho wa mbwa wale, yeye aliona kwamba baba yake aliacha kitu kwa rafiki na rafiki akakitunza. Sikuwa na moyo wa kumfundisha maharage. Waliobaki wote walikuwa damu moja: dume mzee wa Kyimo, binti yake, na wana wawili viziwi. Ukimpandisha binti kwa baba yake au kwa kaka zake, utapata jivu lilelile na viziwi zaidi, na baada ya hapo sijui nini kingine kimejificha mle ndani. Nilimwita bwana mifugo akawahasi wale madume wawili. Nilisimama nikiwashika. Kuhusu jike, nilikubaliana na yule bibi kwamba akikua apandwe na mbwa mzuri wa jirani, wa rangi yoyote ile, ili angalau mlio ubaki. Mbwa wa jivuni hawatakuwepo tena. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kwa namna tofauti, na haijawahi kuwa nyepesi.

Baba hakuulizia damu. Aliuliza jambo moja tu.

"Yule wa Kyimo anasikia?"

"Anasikia, baba. Hata jani."

"Anabweka mara moja?"

Nilisema sijui, alikuwa bado mdogo. Akasema angependa kumsikia. Mara moja tu, hapa langoni, basi. Kuanzia hapo kila nilipofika, swali lilikuwa hilo: yule wa Kyimo anakuja lini? Nilijitolea kwenda kumchukua mwenyewe, nikamrudishe jioni. Baba akakataa. Zawadi hairudi kwenye nyumba iliyoitoa ila kwa miguu ya aliyepewa. Bibi naye, nilipomfikishia, alisema hivyohivyo, wazee hao wawili ambao hawakuwahi kuonana walikubaliana kila kitu dhidi yangu. Aliahidi kuja mguu ukipungua, mvua ikipungua. Mguu haukupungua, na mvua ya Rungwe mnaijua.

Baba alidhoofika. Alikaa barazani akiwa amefunikwa blanketi, na wale viziwi wawili miguuni pake, kwa maana ubaridi waliusikia kama kila kiumbe. Alizoea kuwatambua kwa uzito. Aliacha kupiga kidoko. Watu walipofika langoni walijifunza kupaza sauti toka mbali, kila mtu anataja jina lake, na baba akaitikia kwa upole, lakini ile "Karibu" yake ya zamani, inayokutangulia, sikuisikia tena. Nilimletea mbalaga, ndizi zetu za kupika, laini kwa maziwa, akala vijiko viwili kwa ajili yangu.

Alifariki asubuhi, nikiwa darasani. Mume wangu ndiye aliyekuja kuniita, akasimama nje ya dirisha la darasa na futi yake ya kupimia bado shingoni.

Msibani watu walijaa. Walifunga maturubai kwenye migomba, kwaya ya kanisa ikaimba, wanawake wakalia kwa sauti zinazofika bonde la pili. Mume wangu na ndugu zake walikaa upande wao wakiwa na kofia zao, na niliona amekunja miguu ili mbwa apite asimguse, kisha akamwacha apite. Viziwi wawili walilala jivuni katikati ya yote hayo. Watu waliwaruka. Kilio kilipopanda walikuwa wamelala, kiliposhuka walikuwa wamelala, na kuna mama mmoja wa kanisani aliniuliza kwa kunong'ona kama mbwa hawa hawana adabu. Nilimjibu vibaya. Nitamwomba radhi siku nyingine.

Jeneza lilikuwa bado sebuleni, karibu kutolewa, wakati ule ambao msiba hunyamaza kidogo kabla ya sala. Ndipo langoni mbwa akabweka.

Mara moja. Mlio mmoja, mzito kuliko umbo lake, kisha kimya. Wazee wote waliokuwa kwenye mabenchi waliinua vichwa, maana walikulia kwenye mlio huo, na mmoja wao akavua kofia. Kule kwenye lango la migomba alisimama yule bibi wa Kyimo, amelowa, ameegemea fimbo, na kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwa jike wa jivu, aliyeshakua, masikio yake yameelekea kwetu. Bibi hakuingia. Alisubiri kukaribishwa, kama mtu mwenye adabu zake.

Nilitazama jivuni. Kaka zake hawakuinua kichwa.

Nilitazama barazani, kwa mazoea tu. Kigoda kilikuwa pale, na blanketi limekunjwa juu yake. Watu walikuwa wakinitazama mimi, na lango likaendelea kusubiri, mpaka nikaelewa kwamba hakuna mwingine wa kujibu. Nikafuta uso, nikasema kwa sauti ya kufika kule aliko:

"Karibu."